Kiti Chenye Joto

Jumanne nilikuwa kwenye duka la dawa Malaba, nikisubiri vidonge vyangu vya presha. Msichana wa sare ya shule alimgeuzia muuzaji simu yake.

"Dada, hii video inasema ukikunywa maji ya chumvi baada ya kulala na mvulana, huwezi shika mimba. Ni ukweli?"

"Huo ni uongo, mrembo. Sogea nikuelezee."

Akamweleza yote, bila kupunguza sauti. Mimi nilitazama sakafu.

Kwetu Nangina, mambo hayo yalikuwa ya senge, dada yake baba. Tukipepeta wimbi alituvuta karibu na kutunong'oneza: msichana akikalia kiti kilichoachwa na mvulana, kikiwa bado na joto, atapata mimba. Tungemuuliza nani kama ni kweli? Darasani tulipangusa madawati kwa viganja hadi yakang'aa. Hata hivyo namkumbuka sana, na vumbi la wimbi kwenye nyusi zake.

Msichana alishukuru, akaenda zake. Kijana wa bodaboda aliyekuwa ameketi karibu nami akaniona nimechoka kusimama.

"Keti hapa, mama," akasema, akinyanyuka kwenye kiti chake.

Nina wajukuu wanne. Nilikipangusa kwanza.