Maneno Yaliyotangulia Simu

Mwenye bucha aliingia kwenye duka letu la dobi amevaa suti.

Jua linawaka, kola imemkaba, jasho linamtiririka mpaka kwenye tai.

"Ahsante sana, mwanangu," akaniambia. "Nimeyaona maneno yako. Shangazi yuko wapi?"

Mimi na yule mzee hatujawahi kuvuka salamu. Maneno gani tena?

Ngoja niwarudishe asubuhi ya siku ile, maana nikiwasimulia kuanzia hapa mtadhani nimechanganyikiwa.

Mimi nina aibu. Siyo ile ya kujifanya. Nikisimama mbele ya mtu, sauti yangu inashuka tumboni na kujifungia mlango.

Ndiyo maana kazi kwa shangazi ilinifaa. Yeye anapokea wateja, mimi nafua, napiga pasi, nakunja. Nguo zikiwa tayari nambipu mteja kwa simu yangu na kukata kabla hajapokea. Wote wamezoea: Dobi akibipu, kachukue nguo zako. Mdomo haufunguki.

Sasa kuna Fundi.

Huyu ndiye anayetutengenezea mashine za kufulia. Ile kubwa ilikuwa haipiti wiki bila kuzingua, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naiombea izingue. Fundi akija analala chini ya mashine na kupiga stori na miguu yangu. Kwa kuwa haoni uso wangu, nilikuwa namjibu. Kidogo kidogo.

Asubuhi ile akatoka chini ya mashine, akajifuta grisi, akaniambia ofisi yao inamhamishia mji mwingine na kesho anaondoka. Angependa kuja kwa shangazi kujitambulisha kabla hajaondoka. Kama na mimi nataka.

"Ukikataa sitanuna," akasema. "Ila usininyamazie. Ukininyamazia mpaka jioni nitajua ni hapana."

Nikanyamaza.

Nikakunja mashuka. Nikakunja hata yale yaliyokwisha kukunjwa. Nilipoinua uso, alikuwa ameshaondoka.

Nilitaka kulia. Halafu, mchana, nikakumbuka kitu.

Siku zile mtandao wetu wa simu ulikuwa umeleta huduma mpya. Kabla ya kupiga unaandika maneno machache. Simu ikianza tu kuita kwa mwenzako, maneno yanatokea kwenye kioo, chini ya jina lako. Hajapokea, hajasema haloo, ameshasoma. Unakata. Mmemalizana.

Aliyebuni kitu kile alikuwa ananijua mimi, nakwambia.

Utasema si ningetuma meseji. Fundi hafungui meseji, anasema zote ni matangazo ya bahati nasibu. Lakini simu ikiita, nani asiyeangalia kioo?

Nikaandika: "Nimekubali. Njoo leo uongee na shangazi."

Chini kulikuwa na sehemu mbili za kuchagua: simu hii tu, au kila simu. Jicho moja nimelifumba. Nikabonyeza. Nikapiga.

Ikaita mara moja tu, Fundi akapokea.

Nilitaka asome, siyo apokee. "Haloo? Haloo?" Nikakata, nikajifunika uso kwa taulo la mteja.

Lakini moyo ulikuwa mwepesi. Nimesema. Nikarudi kazini huku nacheka peke yangu, nikawabipu wateja wote ambao nguo zao zilikuwa tayari.

Nadhani mmeshaelewa nilibonyeza wapi.

Mimi sikuelewa mpaka mwenye bucha aliponionyesha simu yake. Imeandikwa Dobi, na chini yake maneno yangu yote.

Tatizo ni kwamba alikuwa anamtaka shangazi muda mrefu. Na shangazi, ili apumzike, alishamwambia kuwa hana mzazi wala kaka, ndugu yake ni mimi tu, kwa hiyo nikikubali mimi, waongee. Alijua sifungui mdomo kwa mtu.

Kabla sijajieleza akaingia mwalimu wa kwaya, ambaye kila Jumapili ananiomba nijiunge. Alikuwa anameremeta. Anataka kujua sauti yangu ni ya juu au ya kati.

Nyuma yake mke wa dereva mmoja, mteja wetu, na simu ya mumewe mkononi.

"Wewe binti mpole," akasema polepole, "umekubali nini na mume wangu?"

Shangazi akatoka nyuma ameshika pasi. Akaisoma simu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaniangalia. Mimi nikaangalia sakafu.

Ndipo Fundi akaingia.

Mkononi alikuwa na simu ndogo ya vibonyezo. Ile yake kubwa, akasema, ilitumbukia kwenye maji ya mashine ya watu alipotoka kwetu asubuhi, laini akaihamishia kwenye hii. Kumbe simu ndogo kama ile haionyeshi maneno, hakuona hata moja. Alichokipata ni simu iliyoita na kukatwa.

"Nimeelewa," akaniambia. "Nimekuja tu kuchukua spana yangu."

Akainama, akaichukua, akaelekea mlangoni.

Mke wa dereva akaniangalia, akamwangalia Fundi, akaniangalia tena. Hasira yote ikamtoka.

"Ahaa," akasema. "Haya, mwambie. Anaondoka huyo."

Nikafungua mdomo. "Nimekubali."

Fundi akageuka. Mashine ilikuwa inakamua nguo, duka zima linatetemeka. "Unasemaje?"

Nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo. Wakati huohuo shangazi akachomoa waya wa mashine.

"NIMEKUBALI!"

Ng'ambo ya barabara fundi cherehani akaacha kushona. Mtu akapiga makofi.

"Ya juu," mwalimu wa kwaya akasema taratibu.

Fundi alicheka mpaka akakaa kwenye kapu la nguo chafu. Kisha akaenda kwa shangazi, spana bado mkononi, akajitambulisha kwa adabu zote.

Shangazi akampokea. Halafu akanivuta pembeni, akanong'ona, "Na huyu mwenye suti? Mwambie umekosea kubonyeza, aende zake."

Nikamtazama mwenye bucha na tai yake iliyolowa. Nikamtazama shangazi. Midomo imenuna, lakini mkono unatengeneza kilemba.

"Sikukosea," nikasema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Na hilo nimekubali."

Shangazi aliniita mshenzi huku anacheka.

Fundi aliondoka kesho yake na tarehe ya kurudi na wazee wake. Akipiga simu napokea, na mimi ndiye ninayemchelewesha kulala.

Ninyi wenye aibu kama mimi, nawaambia hivi: simu itakubebea maneno, lakini haijui unamwambia nani. Yale ya moyoni mwendee mwenyewe, umwambie. Hata ukipiga kelele, hakuna aliyekufa.

Na kabla ya kubonyeza, fungua macho yote mawili.