Mdudu Aliyefungiwa Ndani

Mimi ni mtu wa mdomo, nakiri. Nimekaa kaunta ya mapokezi ya kituo chetu cha afya miaka kumi na moja, na kukaa kaunta bila utani ni kazi ya kumuua mtu kabla ya pensheni. Hili ninalosimulia lilitoka kwenye mdomo huo huo.

Chumba cha mwisho kwenye korido, baada ya maabara, ni cha meno. Kina kiti kimoja cha kulaza mgonjwa, stuli ya magurudumu, sinki, na dirisha linalotazama kaunta yangu. Humo anafanya kazi mwanamke ambaye mbele yake tunamwita Daktari, akigeuka tu tunamwita Bi Koleo. Ni yeye peke yake wa meno huku kwetu. Ukimkosa, panda basi kutwa nzima umtafute mwingine. Watu huja kwake shavu limevimba mpaka jicho limefumba, na neno lao ni moja: ng'oa. Anang'oa, wanaondoka.

Njiani sasa, uone vituko! Watu wazima na akili zao timamu, wakimwona kwa mbali wanabana midomo asije akaona meno yao. Salamu zinatokea puani. Kina mama wanamtumia kutishia watoto: "Unanyamaza au nimwite Bi Koleo?" Mtoto kimya, naye anapita na mfuko wake wa nyanya, anajifanya hakusikia. Hana mume wala mtoto. Ana dada yake mkubwa, anayempigia simu kila Jumapili, basi. Mchana anakula chumbani mwake, juu ya ile stuli, mlango wazi. Miaka tisa mlango wazi, na sisi wote tunakula nyuma ya famasi, tunacheka. Nani alimkaribisha? Hakuna. Hata mimi.

Ndiyo maana akawa na tabia moja. Mgonjwa akishapanua mdomo, Bi Koleo anamuuliza maswali na kujijibu mwenyewe. Nilikuwa namsikia dirishani: "Watoto hawajambo? Hawajambo. Shule wamefungua? Wamefungua, eh? Vizuri." Sisi huku mbavu hatuna. Siku hizi nikikumbuka sicheki.

Kwa miaka yote hiyo aliandika barua kuomba mashine ya kuziba meno. Jino likiwa na tundu dogo, unalisafisha, unaliziba, mtu anaendelea kutafunia miaka mingine ishirini. Mwaka huu ikaletwa. Alivyokuwa akiifuta vumbi, utadhani anaogesha mtoto mchanga. Lakini ililetwa kwa sharti: miezi mitatu ya majaribio, isipotumika inahamishiwa kituo kingine. Akabandika karatasi mlangoni, herufi kubwa: TUNAZIBA MENO. NJOO KABLA HAYAJAUMA.

Sasa elewa jambo moja. Kwetu jino halitoboki lenyewe, linaliwa na mdudu. Ndivyo tulivyokua tukisema, na Daktari naye, akienda shuleni kufundisha, alisema hivyo hivyo ili aeleweke: "Pigeni mswaki, wadudu watakula meno." Wiki ile ile ya kwanza akaja mama mmoja fundi cherehani, ana tundu kwenye gego. Akaegemea kaunta, akanong'ona, "Karani, hebu niambie mwanangu. Wakishaziba, yule mdudu anatokea wapi?"

Jamani, si ningemjibu tu! Ningemwambia hakuna mdudu wa miguu, ni uozo, na unasafishwa wote kwanza. Nilijua. Lakini foleni nzima ilikuwa imetega sikio, na mimi nikitegewa sikio nimekwisha. Nikasema, "Atokee wapi, mama? Anafungiwa ndani, anapigiliwa bati. Akikosa mlango wa mbele, atatafuta wa juu." Nikajigonga utosini.

Foleni ikaangua kicheko. Fundi cherehani hakucheka. Alichukua mkoba wake akaenda zake.

Kufika Ijumaa utani ulikuwa sokoni, na sokoni haukuwa utani tena. Eti kuna mtu alizibwa jino, mdudu akapanda mpaka kwenye ubongo. Hakuna aliyemjua mtu huyo, ila kila mmoja alimjua anayemjua. Nikaanza kukanusha: "Nilikuwa natania!" Wapi! Wakaniambia nimetumwa na Bi Koleo niwalainishe.

Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Asubuhi anaifunua mashine, jioni anaifunika kwa shuka jeupe. Na mimi mkosaji nilikuwa na tundu langu, gego la chini kushoto. Kila siku najiambia, kesho nakaa kwenye kile kiti, watu wanione nikitoka mzima. Sikukaa. Niliona aibu, maana ingebidi nimweleze yote. Halafu, niseme tu mnicheke, nilikuwa naogopa: utani wangu mwenyewe ulikuwa umeniingia.

Asubuhi ya siku ya mwisho gego lilikuwa linanipiga nyundo. Nikaingia. "Daktari, niokoe. Niliwe na mdudu, nife, lakini nizibe."

Akawasha taa, akagonga jino kwa kile kijichuma chake. Nusura niguse dari.

"Halizibiki tena, kaka. Limeoza mpaka kwenye mzizi. Ungekuja ile miezi mitatu iliyopita, ningelimaliza kwa nusu saa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tunang'oa."

Sindano ya ganzi, koleo, likatoka. Akaniwekea pamba. "Uma. Usifungue mdomo nusu saa, damu ikate." Nilikuwa nimepanga maneno yangu yote ya kuomba radhi, sasa yakabaki humo ndani. Akavuta stuli, akaketi mbele yangu, mashine ikiwa nyuma yake chini ya shuka.

"Dirisha langu linatazama kaunta," akasema. "Siku ile nilisikia."

Machozi yakanitoka, na hayakuwa ya jino.

"Ulikusudia?" akauliza. "Hukukusudia. Ulijaribu kuwarudisha? Ulijaribu." Akanitazama. "Na wewe uliyekuwa unajua, mbona hukuja?"

Hapo hakujijibu. Alisubiri. Na mimi nimeuma pamba.

Mlango ukagongwa. Wanaume wawili walikuwa wamekuja kuchukua mashine. Akainuka, akaondoa shuka. "Hili ni langu," akawaambia, akalikunja mara nne, akaliweka juu ya stuli. Kisha akawatangulia nje kuwafungulia geti.

Nilitema pamba, nusu saa haijafika. "Niliogopa, Daktari," nikasema. Chumbani nilikuwa peke yangu.