Majani Yanayotembea

Jirani akikata majani ya ng'ombe na harufu ile mbichi ikanifikia, namwona bibi yangu ameketi mlangoni, macho yake yameingia ukungu. Sura zetu hakuzitambua tena. Jioni akina mama walipanda kutoka tambarare na mizigo ya majani kichwani, imewafunika hadi kiunoni. Mimi mwenye macho mazima niliona majani yanayotembea tu. Bibi aliwataja mmoja mmoja kwa mwendo, wala hakukosea hata siku moja.

Jioni moja alinishika mkono ghafla.

“Yule wa nyuma ni mama yako. Kimbia ukampokee mzigo. Kuanzia kesho majani utakata wewe na shangazi zako.”

“Kwani anaumwa, bibi?”

“Haumwi. Ana mtoto tumboni.”

Mama alipofika, bibi alimsogezea kigoda, akamwambia apumzike, asimchoshe mtoto. Mama alishtuka. Alikuwa hajamwambia mtu, hata baba.

“Nani amekuambia, mama?”

“Miguu yako.”

Mama aliinama akaitazama. Nami niliinama, nikaitazama kwa bidii yangu yote. Niliona matope.