Picha ya Kilimia

Mtu akiwasha ile dawa ya mbu ya kijani, iliyojiviringa kama nyoka aliyelala, mimi husahau mbu kabisa. Moshi wake ukinifika puani najiona nimeketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, uani kwa shangazi yangu Nkwimba pale Bariadi, shingo imekakamaa kwa kutazama juu. Kumbukumbu tamu ile, ningependa iishie hapo. Haiishii hapo. Nyuma yake huja hasira, na hasira yenyewe haijapoa mpaka leo, ingawa sasa mimi ni mtu mzima mwenye watoto. Ngoja niwasimulie muamue wenyewe kama nina haki ya kuwa nayo.

Shangazi alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba kimoja karibu na soko, chenye pazia la bluu, stuli moja na kioo cha kuchania nywele. Alipiga picha za pasipoti, za arusi, za watoto waliopokea kipaimara, na kila mwaka shule yetu ya msingi ilimwita kupiga picha za darasa la saba. Hakuwa na mume wala mtoto, na jambo hilo lilizungumzwa sana na watu wasiohusika nalo. Mimi niliishi kwa baba, nyumba ya jirani, lakini nilikula na kushinda kwa shangazi.

Darubini aliinunua kwa daktari wa misheni aliyekuwa anahama. Ilikuwa bomba jeupe lenye unene wa ndoo ndogo, linasimama kwa miguu mitatu. Baba alidhani ni kifaa cha kupimia ardhi. Shangazi akapeleka kamera yake kwa fundi wa karakana, ambaye alimchongea pete ya chuma ya kuishikisha kamera pale ambapo jicho huwekwa. Tangu siku ile uani kwake hapakuanikwa tena nguo jioni.

Tuliipenda sana siku ya umeme kukatika. Mtaa mzima ukilalamika, sisi tunakimbizana kutoa darubini nje kabla haujarudi. Taa zikizimika, anga la Bariadi linashuka hadi juu ya mabati, nyota zimejaa kama punje za mtama zilizomwagika. Jirani mmoja alikuwa akituuliza ng'ambo ya ukuta, "Nyie, mbona mnafurahi gizani?" Shangazi anamjibu, "Tunasubiri wageni."

Wageni wenyewe walikuwa makundi ya nyota, hasa Kilimia. Kwa macho, Kilimia ni kifundo kidogo tu cha nyota; ukizihesabu unapata sita, ukibishana sana unapata saba. Bibi yangu wa Nassa alijua kwamba kikianza kuonekana mashariki jioni, majembe yanatolewa. Lakini shangazi alitaka kukiona kilivyo hasa. Aliniambia kamera ina subira kuliko jicho: jicho huona na kusahau papo hapo, kamera hukusanya mwanga kidogo kidogo. Tabu ni kwamba dunia haitulii. Ukiacha kamera wazi muda mrefu, nyota zinageuka michirizi. Kwa hiyo tulipiga picha za sekunde chache chache, nyingi mno, na kila baada ya chache nilizungusha kirungu kidogo ubavuni mwa darubini ili Kilimia kirudi katikati. Mkono wa shangazi ulitetemeka kidogo, wangu haukutetemeka. Baadaye kompyuta ya studio ilizipanga picha zote moja juu ya nyingine.

Nilikuwa darasa la tano, mwezi wa kwanza, mvua zimepumzika, nilipoipiga ile picha. Shangazi alikuwa na homa, amejifunga kanga mbili, ameketi mlangoni. Akaniambia, "Leo fanya wewe. Mimi nitakuwa naangalia." Nikakitafuta Kilimia mwenyewe, nikarekebisha taswira kwa nyota moja angavu mpaka ikawa kama ncha ya sindano, nikabonyeza mwenyewe. Kesho yake kompyuta ilipomaliza kazi, tuliinama wote wawili mbele ya kioo chake. Nyota zilikuwa nyingi zisizohesabika, na zile kubwa zilikuwa zimezungukwa na ukungu wa bluu, laini kama pumzi kwenye kioo. Ukungu ule hakuna jicho lililowahi kuuona kutoka uani kwetu. Shangazi akaichapa kwenye karatasi kubwa ya picha za arusi, na chini, kwenye ukingo mweupe, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Picha: Minza, Bariadi.

Wiki hiyo tulikuwa tumeambiwa tulete kazi za mikono kwa ajili ya siku ya wazazi. Wenzangu walileta mikeka, vyungu na magari ya waya. Mimi nikaleta Kilimia.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya kanisani, aliyependwa sana na wazazi. Aliishika picha yangu kwa ncha za vidole, akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza nimeitoa wapi. Nikasema nimeipiga. Akauliza tena, nikajibu vilevile. Asubuhi iliyofuata, mstarini, aliniita mbele, akainua picha ile watu wote waione, akasema, "Hii imechukuliwa kwenye mtandao. Wenye mitambo ya namna hii wako Ulaya. Mtoto huyu anataka tuamini kwamba nyota hizi zimepigwa hapa Bariadi, nyuma ya choo cha shangazi yake." Shule nzima ikacheka. Hata Ngolo, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja, alicheka. Nikapigishwa magoti kwenye kokoto chini ya bendera mpaka kengele ya mapumziko, na nikaambiwa Jumatatu nitasimama pale pale nikiri kwamba nilidanganya.

Nyumbani, shangazi akiwa ameketi nasi, baba alinisikiliza, akapangusa miwani. Baba alikuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, mtu mpole aliyeogopa ugomvi kuliko njaa.

"Omba tu msamaha yaishe," akasema. "Unapungukiwa nini?"

"Lakini sikudanganya, baba."

"Najua. Ndiyo maana nasema yaishe."

Sentensi ile nimeigeuza kichwani miaka yote hii na bado siielewi. Shangazi aliielewa mara moja, akasimama. Alikwenda shuleni na kamera, na zile picha ndogo ndogo zote, moja baada ya nyingine, Kilimia kikihama kidogo katika kila moja. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya dirisha la ofisi. Mwalimu mkuu hakuzitazama. Alisema, kwa upole kabisa, kwamba siku hizi kompyuta hutengeneza chochote.

"Basi njoo uani leo jioni," shangazi akamwambia. "Saa mbili. Utaangalia kwa jicho lako, kisha mtoto atapiga ukiwa umesimama hapo."

"Dada Nkwimba, mimi nina shule ya kuendesha. Sina nafasi ya kucheza na mbingu."

Walizungumza mengine kwa sauti ya chini ambayo sikuisikia. Shangazi alipotoka alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi. Njiani aliniambia neno moja tu: "Ng'wanone, mwanangu, Jumatatu sema kilichotokea. Usiongeze, usipunguze."

Jumatatu nikasimama. Nikasema, "Picha niliipiga mimi, kwa darubini ya shangazi, uani." Safari hii hawakucheka. Mwalimu mkuu akangoja, akadhani kuna kinachofuata, kilipokosekana akaagiza fimbo. Nilichapwa kwa kusema kweli, mbele ya walimu wanane au tisa waliokuwa wamenifundisha kwamba tusiseme uongo, na hakuna hata mmoja aliyekohoa.

Hilo ningeweza kulisamehe. Mtu anaweza kukosea. Lakini wiki chache baadaye nilitumwa ofisini kuchukua chaki, nikaikuta picha yangu ukutani juu ya kiti chake, ndani ya fremu. Ukingo mweupe wa chini ulikuwa umekatwa, pamoja na jina langu. Wageni kutoka wilayani walipofika, nilimsikia akiwaonyesha kwa ile sauti yake ya kanisani: "Hizi ni kazi za sayansi za wanafunzi wetu." Kwangu ilikuwa ya mtandao. Kwa wageni ilikuwa ya wanafunzi wetu. Nikarudi darasani na chaki zimevunjika mkononi.

Shangazi hakulia wala hakutukana. Alingoja umeme ukatike, akawaita watoto wa mtaa. Walikuja wengi, wamepanga foleni hadi nje ya lango, wakisukumana na kunyamazishana. Ngolo alikuja wa mwisho, akiburuza ndala. Aliweka jicho, akakaa hapo muda mrefu mpaka wenzake wakaanza kunung'unika. Kisha akasema polepole, bila kunitazama, "Kumbe zipo." Tangu jioni ile hatukuachana mpaka tulipomaliza shule.

Mwaka ule shangazi hakuja kupiga picha za darasa la saba. Alikuja kijana kutoka Maswa. Nilidhani shangazi amekataa mwenyewe kwa hasira, na moyoni nilimpongeza. Baadaye kazi za studio zilipungua, akaiacha, akafungua duka la vitenge. Darubini aliibakisha. Nilidhani amechoka na picha za pasipoti. Mtoto hudhani mengi.

Mwaka jana tulialikwa arusi Malampaka, mimi na shangazi. Asubuhi, tukiwa tunasalimiana na wakwe, mwangaluka huku na huku, akaja mzee mrefu mwenye fimbo ya kutembelea. Mwalimu mkuu, sasa mstaafu. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akawageukia watu wa meza yake.

"Huyu ni mwanafunzi wangu," akasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha mambo ya nyota. Nilikuwa mkali kwake kidogo, nilitaka aive."

Nikamuuliza, "Mwalimu, ile picha yangu iko wapi?"

Akacheka kwa wema. "Picha ipi, mama?"

Nilimtazama vizuri. Hakuwa anaigiza. Utotoni niliamini kwamba mtu mzima akimwonea mtoto, lile jambo humkaa rohoni, humwamsha, siku moja humleta mlangoni kwako. Mzee yule alirudi kwenye sahani yake, akachagua mnofu, akala kwa amani.

Tukiwa njiani kurudi nilikuwa nafoka. Shangazi alitazama mashamba ya pamba dirishani, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Siku ile ofisini alinipa masharti. Minza akiri mstarini, kazi za shule nabaki nazo. Asipokiri, nizisahau, na shule nyingine atazieleza mimi ni mtu wa namna gani. Akazieleza kweli."

Studio nzima, maisha aliyoyapenda, yalikwenda kwa sababu ya ile sentensi yangu moja, na mimi nilikuwa nimeisema nikidhani ninajihatarisha peke yangu.

"Kwa nini hukuniambia, shangazi?"

"Ningekuambia, ungeomba msamaha."

Ni kweli. Ningepiga magoti kabla hajamaliza kusema.