Sekunde Kumi na Moja za Nasibu

Bodaboda zaidi ya arobaini zilizima injini mbele ya geti la shule yetu, na hakuna dereva hata mmoja aliyepiga honi.

Kama unaifahamu Katoro, umeshaelewa kwa nini niliogopa. Bodaboda wa Katoro anapiga honi akiona mbuzi, akiona mchumba wa mtu, akiona kivuli chake mwenyewe. Siku hiyo walikaa juu ya pikipiki zao kimya, wanatazama madirisha ya madarasa yetu.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, muda wa uji.

Mlinzi akaenda kuwauliza wanataka nini. Akarudi anatembea haraka kuliko alivyoenda.

"Wanamtaka Nasibu," alisema. "Wanasema aliyemtukana Mungu atoke mwenyewe, wasije wakamfuata humo ndani."

Nilikuwa na kikombe cha uji mkononi. Nikakiweka chini taratibu, kama mtu anayeweka shada la maua kaburini.

Kwa sababu, kwa unyenyekevu mkubwa, aliyewaita ni mimi.

Naitwa Edward Bujiku. Wakati huo nilikuwa kidato cha nne, na nilikuwa na heshima ya kuwa mtundu namba moja wa shule.

Niliwahi kusimama paredi na kutangaza, kwa sauti ya huzuni, kwamba kengele ya shule imefariki na mazishi ni saa kumi. Niliwahi kumwandikia mpishi barua rasmi, yenye muhuri niliouchonga kwenye kiazi, nikimpongeza kwa kugundua maharage yasiyoiva.

Barua zangu zote zilianza vilevile: "Kwa unyenyekevu mkubwa." Walimu walikuwa wananichapa huku wanacheka.

Nasibu alilala kitanda cha chini, mimi cha juu. Baba yake aliuza vitenge sokoni Katoro. Kila Ijumaa Nasibu ndiye aliyesoma dua paredi, na hakuwahi kukosa swala hata moja, hata asubuhi zile za baridi ambazo maji ya pipa yanauma vidole.

Kumtania ilikuwa raha kwa sababu hakasiriki. Anasema tu, "Edo, Mungu anakuona," halafu ananigawia chapati za mama yake.

Sasa tuje kwenye mdahalo.

Wiki iliyotangulia, redioni walikuwa wanabishana kuhusu sheria ya kukashifu dini. Mwanasheria mmoja alitaka ifutwe, akisema inatumika kuwaziba watu midomo. Mwanasiasa mmoja akajibu kwamba siku ikifutwa, nchi itawaka moto.

Mwalimu Rebeka wa Uraia hawezi kusikia ubishi redioni asituletee darasani. Akaandika ubaoni: "Sheria inayoadhibu kukashifu dini ifutwe."

Utaratibu wa mdahalo shuleni kwetu ni mmoja. Karatasi zinawekwa kwenye kofia, unaokota, na upande uliookota ndio utakaoutetea, hata kama moyo wako uko upande mwingine. Ukikataa unakosa alama.

Kila mwanafunzi analijua hilo. Walio nje ya ukuta wa shule hawalijui. Naomba ulikumbuke.

Mshika kofia nilikuwa mimi.

Zamu ya Nasibu ilipofika, kofia ilikuwa na karatasi mbili. Zote mbili nilikuwa nimeandika "ifutwe". Nilitaka kumwona ustadhi wetu anavyohangaika.

"Mwalimu, hii mimi siwezi," Nasibu alisema.

"Umeokota wewe au nimeokota mimi?"

"Nimeokota mimi."

"Basi ukajiandae. Mdahalo si imani, ni mazoezi ya kichwa."

Mimi nikajipangia upande wa "isifutwe". Kwa unyenyekevu.

Jumamosi bwalo lilijaa. Simu yangu, ambayo kisheria haikuwepo, ilikuwa ndani ya daftari la Jiografia nililolitoboa tundu dogo la kamera. Siku nyingine zote iliishi chini ya mfuko wa michembe, viazi vilivyokaushwa ambavyo bibi yangu alinitumia kutoka Ushirombo. Hakuna mwalimu aliyewahi kuwa na subira ya kuchimbua michembe.

Nasibu alisimama. Nilitarajia atetemeke.

Hakutetemeka.

"Kama yupo Mungu anayehitaji askari wa kumlinda nisimseme," alianza, "Mungu huyo ni dhaifu. Anaogopa maneno ya mtoto wa shule. Mimi siwezi kumwabudu. Lakini ninayemwabudu mimi si huyo. Ninayemwabudu mimi hahitaji kituo cha polisi."

Bwalo likalipuka kwa makofi.

Nikasimama kumjibu. Nilisema sheria hii ipo kwa ajili ya mnyonge, yule ambaye akitukanwa hana pa kukimbilia. Nililia kidogo kwenye neno "mnyonge". Kura zikapigwa, upande wangu ukashinda.

Baada ya chakula nikaikata ile video. Nikaondoa mwanzo, nikaondoa mwisho. Zikabaki sekunde kumi na moja:

"Mungu huyo ni dhaifu. Anaogopa maneno ya mtoto wa shule. Mimi siwezi kumwabudu."

Chini yake nikaandika: "Kwa unyenyekevu mkubwa, mimi muumini mnyonge nimejeruhiwa moyo na maneno haya. Naviomba vyombo vya dola vinisaidie kabla sijakata tamaa."

Nikamtumia binamu yangu Mwigulu, bodaboda wa stendi ya Katoro. Mwigulu ndiye anayembeba Nasibu kila likizo, anamjua alivyo mtu wa dini. Nilijua atacheka mpaka aanguke.

Alicheka kweli. Halafu akaitupia kwenye kundi lao, wacheke wote.

Wenzake hawakumjua Nasibu.

Kufikia Jumatatu ilikuwa imefika machimboni, imefika kwa wanunuzi wa dhahabu, imefika msikitini na kanisani. Watu ambao hawajawahi kukubaliana hata kuhusu spika ya nani ipunguzwe sauti, wakakubaliana kuhusu rafiki yangu.

Na Jumanne wakaja.

Mkuu wa shule, mzee Marselino, alitoka kwenda getini amevaa koti, kwenye jua lile. Alizungumza nao kwa muda mrefu. Tuliona mikono yake tu. Hakuna aliyepandisha sauti, na hilo ndilo lililotuogopesha zaidi.

Kijana mmoja akashuka kwenye pikipiki, akaokota jiwe. Hakulirusha. Akalishika tu.

Kisha gari la polisi likaja.

Nasibu alitolewa kwa mlango wa jikoni, askari wawili ubavuni, amevaa kandambili. Alipita hatua mbili kutoka nilipokuwa nimesimama. Akanitazama.

Nikatazama kikombe cha uji.

Jumatano nilinyamaza. Alhamisi nilinyamaza. Simu niliivunja vipande viwili na kuitumbukiza chooni; kadi ya kumbukumbu tu, yenye hotuba nzima, nikaibakiza kwenye michembe.

Alhamisi mchana Mama Nasibu alikuja kuchukua sanduku la mwanawe. Duka lao lilikuwa limefungwa tangu Jumanne. Mtu alikuwa ameandika mlangoni kwa mkaa neno ambalo mama huyo hakutaka kunitajia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Akafungua mfuko wake. "Nimekuletea chapati. Nimezoea kupika za wawili."

Sikuweza kuzipokea, na sikuweza kuzikataa.

"Edo, wewe ndiye rafiki yake. Wewe ulikuwepo. Utawaambia kwamba alipangiwa kusema vile, eeh?"

"Ndiyo mama."

"Polisi wamemuuliza nani alimrekodi. Anasema hajui. Mtoto wangu hajawahi kudanganya, lakini safari hii, mimi mama yake, naona anadanganya."

Chapati zile nilizila bafuni, moja moja, nimefunga mlango.

Ijumaa asubuhi Mwalimu Rebeka akaniita. Kituoni walitaka mashahidi wa mdahalo; tungeenda yeye na mimi. Njiani alisema neno moja tu: "Ukweli, Edward."

Tulipoingia, kwenye benchi la mapokezi alikuwa amekaa bibi yangu.

Bibi Mbuke. Kutoka Ushirombo. Amejifunga kitenge chake cha safari, na mfuko wa michembe miguuni.

Nikarudi hatua moja nyuma, mlangoni.

"Mwangaluka, mjukuu wangu," alinisalimu Kisukuma, kana kwamba tumekutana sokoni.

Ndipo nikakumbuka. Laini ya simu. Sikuwa na umri wa kusajili laini, kwa hiyo bibi alinisajilia, kwa kidole chake. Polisi walipombana Mwigulu aseme nani alimtumia video, Mwigulu aliogopa kunitaja, akawapa namba tu. Wakaitafuta namba. Namba ikawapa jina.

Kwenye faili, mlalamikaji, yule muumini mnyonge aliyejeruhiwa moyo, alikuwa Mbuke Mayala, mkulima. Bibi asiyejua kusoma.

Mkuu wa kituo, Afande Juliana, alituingiza ofisini sote watatu.

"Bibi, namba hii ni yako?"

Bibi akanitazama. Kisha akamtazama afande.

"Ya kwangu."

"Na ujumbe huu ni wako? Kwamba maneno ya huyu kijana yamekuumiza?"

"Nisomee."

Afande akasoma. Nilisikia sentensi zangu, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya mtu ambaye hatanii.

"Bibi, dini yako ni ipi?"

"Mimi natambikia masamva. Mizimu ya ukoo wetu. Kama mama yangu, na mama yake."

Afande akaweka kalamu chini.

Bibi akaendelea, polepole. "Kuna mhubiri huja na spika karibu na uzio wangu. Huu mwaka wa tatu. Anasema masamva wangu ni mashetani, na mimi ni mchawi. Anataja jina langu, afande. Mwanamke mzee, macho mekundu kwa moshi wa kuni, anaitwa mchawi kwenye spika. Unajua kwetu hilo linaishia wapi."

Wote tulijua: linaishia kwa mapanga, usiku.

"Nilikwenda kituoni, nikaambiwa nirudi nyumbani nikapike. Juzi nikaona gari la polisi limenifuata mpaka mlangoni. Nikafurahi. Nikasema, leo wamekumbuka kuniuliza nimeumia wapi."

Mwalimu Rebeka aligeukia dirishani.

Mnyonge niliyemlilia bwaloni kumbe alikuwepo. Nilikuwa nakula michembe yake.

Afande akakohoa. "Hilo ni jambo lingine, bibi. Hapa tunashughulikia hili. Ukithibitisha malalamiko, weka dole hapa."

"Nikiweka, yule mtoto anafungwa?"

"Mahakama itaamua."

Bibi akachovya kidole kwenye wino. Akakiinua juu ya karatasi. Kisha akanigeukia.

"Bujiku. Niweke?"

Alikuwa anajua. Alijua tangu aliposikia neno "namba". Na alikuwa tayari kuweka dole lake juu ya uongo wangu, kama nitamwambia aweke.

"Usiweke, bibi."

Nikasema yote. Kofia, karatasi mbili, daftari, sekunde kumi na moja. Nilipomaliza, Afande Juliana alifungua kitabu cha sheria, akakisogeza mbele yangu.

"Soma hapo. Kwa sauti."

Kifungu kilisema juu ya anayetamka neno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za mtu mwingine.

"Kwa kusudi," alirudia. "Nasibu alikuwa na kusudi hilo?"

"Hapana, afande."

"Nani alitaka ionekane hivyo?"

"Mimi."

"Na hiki ndicho ulichokitetea ukapigiwa makofi?"

"Ndiyo, afande."

Mwalimu Rebeka akageuka. "Ona, afande. Kifungu hiki kimemshika asiye na kosa, na aliyetukanwa kweli hakimjui. Kifutwe."

"Mwalimu, Jumanne ningemtoa yule mtoto shuleni kwa lipi? Niliwaambia wale vijana kwamba sheria imemchukua. Ndiyo maana jiwe lilibaki mkononi."

"Bila hiyo sheria, nani angewafundisha kwamba kusema ni uhalifu?"

Wakatazamana. Ulikuwa mdahalo mzuri kuliko wetu, na haukuwa na wa kuupigia kura.

Nasibu alitoka saa saba mchana, bado na kandambili zilezile. Nilimsogelea nikiwa nimeandaa hotuba. Hakunipa nafasi.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," alisema. "Walinionyesha ule ujumbe. Hakuna mtu mwingine Geita nzima anayeandika 'kwa unyenyekevu mkubwa'."

"Sasa kwa nini hukunitaja?"

"Kwa sababu ya wale wa getini. Wangekuja kwako."

Hakusema Mungu ananiona. Ningefurahi angesema.

Polisi hawakunishitaki. Shule ilinisimamisha, nikaruhusiwa kurudi kwa mitihani tu. Nasibu aliletwa kufanya mitihani na kurudishwa na gari la polisi. Siku ya karatasi ya mwisho, familia yao ilihama Katoro. Sijui walikwenda wapi.

Mwigulu aliitoa hotuba nzima kwenye ile kadi, akaitupia kwenye kundi lilelile, pamoja na maelezo yangu ya kuomba radhi. Watu tisa waliifungua.

Mwalimu Rebeka aliniuliza, kama kura ingepigwa leo, ningekuwa upande gani. Nilisema, ifutwe. Akauliza, "Na wale wa getini utawafanya nini?" Mpaka sasa namtafutia jibu. Bibi naye bado anahubiriwa, kila Jumapili. Siku hizi nakaa naye pale uani, na mhubiri akitaja jina lake, nasimama mpaka anione.

Wiki iliyopita nilikuwa Kalangalala, mjini Geita, nanyolewa nywele. Kinyozi akanionyesha simu yake.

"Dogo, umeiona hii? Huyu mtoto amemtukana Mungu, sijui walimfanya nini."

Sekunde kumi na moja. Na chini yake maneno yangu, hayajapungua hata nukta.

Nilimsimulia yote. Alisikiliza, akaguna, akaendelea kuninyoa. Nilipokuwa natoka, nilimwona kwenye kioo anaituma kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Ukipokea video fupi ya mtu anayemkufuru Mungu, tafuta alichosema sekunde moja kabla, na sekunde moja baada. Na ukiona chini yake kuna mtu anayelia kwa unyenyekevu mkubwa, usimhurumie.

Ni mimi. Na sikuwa nimeumia popote.