Mpeleka Barua Aliyemtafutia Beki Mahali Alipozaliwa Bibi Yake

Saa mbili na nusu asubuhi, gari la kijani la posta linasimama kwenye lango la Packie Rooney, mfugaji wa ng'ombe, na Fintan McMorrow anashuka na bili ya umeme mkononi. Mvua ni ileile ya jana. Packie hataki hata kuitazama bili.

"Fintan! Leo hujaniletea bibi?"

"Wako nilishampata zamani, Packie. Alizaliwa zizini. Hakuna timu inayomtaka."

Packie anacheka mpaka mbwa wake anaanza kubweka. Fintan anarudi garini, anafuta miwani yake kwa ncha ya shati na kuendelea na njia yake ya kilomita tisini na saba.

Ana umri wa miaka hamsini na minane, na thelathini na mmoja kati ya hiyo ameimaliza kwenye njia hii ya Corraderg, kaskazini mwa kaunti ya Leitrim, Ireland, nyumba mia mbili na kumi na nne. Analipwa kama euro mia saba na hamsini kwa wiki kabla ya kodi. Hizo ni za kupeleka barua. Kwa kutafuta bibi za watu halipwi hata senti, na ukimtajia malipo anabadilisha mazungumzo.

Bibi hao ni wa wachezaji mpira. Sheria kila mtoto wa hapa anaijua: ukiwa na bibi au babu mmoja aliyezaliwa Ireland, unaweza kuchukua pasipoti na kuichezea timu ya taifa, hata kama hujawahi kuukanyaga udongo wake. Kwa hiyo timu ikifanya vizuri, barua za wanaotafuta bibi huongezeka. Fintan ameshawatafutia vijana tisa. Wawili walifika timu za vijana, mmoja alirudi kwao na mke wa hapa.

Lakini barua iliyomfanya mwandishi huyu apande gari lake ilifika Machi mwaka huu. Ilitoka Coventry, Uingereza, na juu yake paliandikwa kwa mkono: "Kwa yeyote anayewafahamu akina Keown wa karibu na daraja la Corraderg, Ireland." Hakuna namba wala jina la mtaa. Nimeishi huku miaka kumi na tisa na bado nashangaa kwamba barua ya namna hiyo inafika.

"Nawafahamu, kwa hiyo ilikuwa yangu," anasema Fintan. "Nikaifungua."

Mwandishi wa barua alikuwa Jerome Tulloch, miaka ishirini, beki wa kushoto katika ligi ya tatu ya Uingereza. Bibi yake mzaa baba, Nora Keown, alikwenda Coventry kufanya kazi ya uuguzi, akaolewa na dereva wa basi kutoka Jamaika. Alifariki miaka sita iliyopita. Karatasi zake zote zililowa siku bomba lilipopasuka, zikatupwa.

Timu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka ishirini na moja ilikuwa imemwona Jerome na kumpenda. Ikamdai kitu kimoja kabla ya kuanza safari ndefu ya pasipoti: cheti cha kuzaliwa cha bibi. Kisipopatikana kufikia mwisho wa mwezi, wangeendelea na mwingine.

"Klabuni wananiita Mwairishi wa plastiki, yaani wa bandia," Jerome aliniambia kwa simu. "Naongea kama mtu wa Coventry, rangi nimechukua kwa babu, halafu navaa skafu ya kijani ya bibi. Wanacheka sana. Mimi nacheka nao, lakini nikifika nyumbani inaniuma, bro. Bibi ndiye aliyenifundisha kupiga mpira kwa mguu wa kushoto. Na sina hata kikaratasi kimoja cha kusema ninatoka kwake."

Tatizo lilikuwa mto. Ng'ambo ya daraja la Corraderg ni Fermanagh, Ireland ya Kaskazini, iliyo chini ya Uingereza na yenye timu yake ya taifa. Akina Keown walikuwa wa ng'ambo hiyo; aliyezaliwa huko naye huhesabika kwa pasipoti, ila cheti chake hutoka ofisi nyingine. Nora alikulia huko, akasoma huko, ingawa timu ya taifa aliyoipenda ilikuwa ya upande huu, ya Dublin, kama ilivyo kwa Wakatoliki wengi wa upande ule. Jerome alikuwa ameshauliza ofisi ya vizazi ya kaskazini. Jibu likaja: hakuna Nora Keown wa mwaka 1947.

Kwa siku nne, akishamaliza kazi, Fintan alivuka daraja na kugonga milango ya Fermanagh. Alisoma mawe ya makaburi. Alitembea kwenye shamba la zamani la akina Keown, ambalo sasa ni msitu wa misonobari, akatoka na matope mpaka magotini. Hakupata kitu.

Siku ya tano alimpelekea Dympna Feely dawa zake za presha. Bibi Dympna ana miaka tisini na mitatu, hakuolewa, na anaishi peke yake upande huu wa mto, hatua chache kutoka kwenye nyumba ya wazazi wake iliyobomoka. Aliona viatu kabla ya kuona dawa.

"Umetoka wapi na matope yote hayo, Fintan? Unaniharibia sakafu."

"Ng'ambo, Bibi Dympna. Namtafuta Nora wa Keown, alikozaliwa. Mjukuu wake anataka kuchezea Ireland."

Anasema bibi aliweka birika motoni. Kisha akamuuliza, "Nora alikuwa mtoto wa ngapi?"

"Kifungua mimba."

"Kifungua mimba! Sasa unamtafuta kwa baba yake kwa nini, wewe mwanamume? Wewe mwenyewe ulizaliwa wapi?"

Hapo Fintan akakaa chini. Yeye ni kifungua mimba, na alizaliwa kwa bibi yake mzaa mama, kama dada zake wote walivyokwenda kujifungulia kwa mama yao mtoto wa kwanza. Ndivyo ilivyokuwa kwa watu wa pande zote mbili za mto. Mimba ya kwanza inarudi kwa mama. Nyingine zinabaki kwa mume.

"Nilikuwa nalijua jambo hilo maisha yangu yote," anasema. "Nikaenda kuhesabu kwa baba, kama karani wa mjini."

Mama yake Nora alikuwa Brigid Feely, dada mkubwa wa Bibi Dympna. Miaka yote thelathini na mmoja Fintan alikuwa anapeleka barua kwa mama mdogo wa mtu anayemtafuta.

Brigid alivuka daraja kwa miguu Februari 1947, tumbo likiwa mbele. Enzi hizo palikuwa na forodha, na chai ilikuwa adimu upande huu, kwa hiyo watu waliivusha kwa kuificha nguoni. "Yule wa forodha alimwona dada, akadhani amefunga pakiti za chai tumboni," Bibi Dympna ananisimulia, na bado anacheka. "Dada akamwambia, basi ngoja hapo hapo, utaona zikitoka."

Siku chache baadaye theluji ikaanguka, ile kubwa ambayo wazee wa hapa bado wanahesabia umri wao. Ilifika kwenye madirisha. Mkunga hakuweza kuja. Dympna alikuwa na miaka kumi na minne, ndiye aliyechemsha maji, mama yake akampokea mtoto. Baba hakumwona binti yake kwa wiki tano, mpaka njia zilipofunguka. Kufikia hapo bibi yake mtoto alishampeleka kubatizwa na kumwandikisha upande huu huu.

Namba ya simu ya Jerome Fintan alikuwa ameiandika mkononi, akampigia akiwa bado jikoni. Jerome akaomba cheti kwenye ofisi ya vizazi ya Leitrim, akalipa euro ishirini. Kilitoka tarehe ishirini na sita. Nimeishika karatasi hiyo na kuisoma. Nora Keown, msichana. Mahali: Corraderg, nyumba ya Feely. Mwanamke mmoja alitembea kilomita tatu kwenda kwa mama yake, na miaka karibu themanini baadaye mjukuu wa mtoto wake ana nchi.

Jerome alikuja Juni. Nyumba aliyozaliwa Nora haina paa siku hizi, na mti umeota palipokuwa na meko. Bibi Dympna alimwongoza kwa fimbo yake mpaka kwenye chumba cha nyuma.

"Hapa," alisema. "Kichwa upande wa ukuta huu."

Kijana akaweka kiganja chake kwenye jiwe. Kisha akampigia baba yake simu ya video, akaigeuza kwenye ukuta. Baba yake akaomba aisogeze karibu zaidi.

Bibi Dympna naye alikuwa na lake la kusema. Alimwambia Jerome kwamba baba yake Nora, siku aliposikia binti yake ameolewa na mtu mweusi, alikataza jina lake lisitajwe mezani. Barua za Coventry zilirudishwa bila kufunguliwa, mpaka zikakoma.

"Na sisi wa upande huu tulinyamaza, mjukuu wangu. Hakuna aliyetukataza sisi. Tulinyamaza wenyewe tu. Nakuomba radhi nikiwa bado na pumzi."

Jerome alimkumbatia. Bibi akamwangalia miguu, akafuta macho. "Hiyo miguu ni ya Feely kabisa. Ila wenyewe hawakujua kupiga mpira hata kidogo, usije ukafuata ukoo."

Maombi ya pasipoti yameshakubaliwa, na chama kimemwambia Jerome kwamba barua ya kuitwa kambini itatumwa mwezi huu. Walipomuuliza anwani ya Ireland ya kuweka kwenye kumbukumbu zao, alitoa hii: Jerome Tulloch, kwa Dympna Feely, Corraderg. Barua aliomba itumwe huko.

Bibi amemwonya padri asije na mafuta matakatifu ya wanaokaribia kufa kabla barua haijafika, kwa sababu hana nafasi.

Fintan naye anangoja. Kwenye njia yake nyumba ya Feely ni ya mia moja na themanini, na katika miaka thelathini na mmoja hajawahi kuruka hata lango moja, si kwa harusi wala kwa msiba.

"Siku nitakayoiona ile bahasha," anasema, akiwasha gari, "nyumba zote mia moja na sabini na tisa zitangoja. Akina Keown walirudisha barua za Nora. Hii nitaikimbiza."