Waliokuja Kuuliza Unene wa Driciru

Maneno yalianzia mazishini, kule kijijini Logiri. Shangazi yake Driciru alikuwa amelala ndani ya jeneza, mtu aliyekula chumvi nyingi na kwenda kwa amani, lakini wanawake wa ukoo walipomwona Driciru anashuka kwenye bodaboda, mashavu yameingia ndani na gauni linamning'inia, walimwacha marehemu. Wakamvamia yeye. Wakampapasa mabega, wakampima kiuno kwa mikono, wakaangua kilio upya.

"Mama yangu! Driciru! Huko Koboko wanakufanya nini?"

"Hawanifanyi kitu. Nafanya mazoezi."

Nani alimsikia? Mwanamke aliyeolewa, mwenye watoto wakubwa, anafanya mazoezi ya nini, anakwenda vitani? Mmoja akanong'ona kuwa ni ule ugonjwa. Mwingine akasema hapana, hiyo ni njaa, njaa ya nyumba ya mume anaijua kwa macho. Kaburi halijamaliza kufukiwa, ukoo ulikuwa umeshakata shauri: Lokule, mume wa Driciru, hamlishi binti yao.

Driciru alirudi Koboko jioni ile akiwa amekasirika. Na alikuwa na haki. Mtu unakwenda kumlilia shangazi yako, unaishia kuliliwa wewe ukiwa umesimama!

Sasa tuseme ukweli wa mambo. Driciru alikuwa mnene, na unene ule ulipendwa na kila mtu isipokuwa miguu yake mwenyewe. Alikuwa na meza sokoni Koboko, anauza siagi ya karanga na ya simsim, yaani ufuta, na siagi haiuzwi bila kuonjwa. Alionja asubuhi, alionja mchana, akimaliza kuonja alikula. Lokule alijivunia. Yeye ni wakala wa forodha pale Oraba, mpakani, na kila alipopita na mkewe watu walisema, "Lokule anatunza." Unene wa mke ulikuwa kama bati jipya juu ya nyumba, sifa yake inakwenda kwa mwenye nyumba.

Halafu dada yake mkubwa, Driwaru, akakatwa mguu. Ilikuwa sukari. Kidonda kidogo tu cha kidole, alichokidharau, kikapanda. Driciru ndiye aliyemuuguza hospitalini Arua, na siku moja Driwaru alimwomba amkune unyayo. Unyayo ambao haupo. Driciru alitoka nje akalia, na aliporudi Koboko akaenda moja kwa moja kwenye kliniki apimwe. Sukari ilikuwa juu.

Muuguzi, dada mmoja anayeitwa Patience, alikuwa na foleni inayofika barabarani. Akamwambia haraka haraka, "Mama, punguza ugali, punguza mafuta, tembea kila siku. Mwili ukipungua na sukari itashuka."

Basi. Hilo tu. Driciru akalibeba neno lile na kulifanya amri. Ugali wa muhogo akaufuta. Siagi akaacha kuonja, akawa anauliza wateja kama chumvi imekolea. Asubuhi chai kavu, mchana maji, jioni majani ya kunde na tonge moja la ugali dogo kama yai. Na alfajiri, kabla jogoo hajamaliza kusema lake, anavaa raba alizonunua mitumbani na kushika barabara ya Arua, anatembea, anakimbia kidogo, anatembea.

"Mama, nani anakufukuza?" wenye bodaboda walimuuliza.

"Sukari!" aliwajibu, na hakusimama.

Miezi ikapita, mwili ukapungua, na uchovu ukaingia nyumbani kama mgeni asiyeaga. Lo, uchovu ule! Si ule wa kulima, ambao ukilala unaisha. Huu aliamka nao. Alikuwa akiinua mchi, mikono inakataa. Sokoni aliwapa watu chenji zaidi kwa kusinzia. Kanisani aliinama kusali, akaja kuzinduka wakati wa matangazo, na wanawake waliokaa nyuma yake walimsifu kwa maombi marefu. Alisema moyoni kwamba labda mwili unajifunza, utazoea. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nyumbani hakuna aliyemuuliza umechokaje. Waliuliza chakula kimeiva?

Hapo ndipo penye uchungu. Maana katika nyumba ile Driciru hakuwa peke yake anayefanya mazoezi. Kijana wake Andrew, aliyemaliza shule na anasubiri kazi, alichezea timu ya mtaani. Andrew akirudi kutoka uwanjani anakuta maji ya moto ya kuoga. Anakuta maharage, anakuta yai. Halafu anajitupa kwenye mkeka, na nyumba nzima inanyata: ametoka mazoezini, mwacheni apumzike, mwili wa mchezaji ni kupumzika. Na anayechemsha maji hayo ni nani? Driciru, aliyetoka mazoezini vilevile, raba bado ziko miguuni. Yeye akitoka barabarani anashika jerikeni kwenda kwenye pampu. Kutoka pampu anawasha sigiri ya makaa. Kutoka sigiri anafagia, anatwanga, anabeba beseni kwenda sokoni. Afe punda, mzigo wa bwana ufike!

Akarudi kliniki, akiwa na hakika kwamba ana ugonjwa mpya. Patience akampima, akapima damu, akatabasamu. "Mama, sukari imeshuka vizuri. Hongera. Lakini mbona macho yako yako hivi? Unakula nini?"

Driciru akamwambia.

"Haki ya Mungu! Nani alikuambia ujinyime hivyo?"

"Wewe."

"Mimi nilisema punguza, sikusema futa. Maharage je? Samaki? Mayai? Mtu anayetembea kama wewe anahitaji kula, ila ale vizuri. Na unalala?"

"Nalala wakimaliza wote."

Patience akaweka kalamu chini. Alimuuliza Driciru siku yake inavyokwenda, na Driciru akaieleza, pampu, sigiri, ufagio, mchi, soko, sufuria, vyombo. Muuguzi akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, halafu akauliza swali ambalo Driciru alitoka nalo kliniki na kulala nalo.

"Chakula umepunguza. Kutembea umeongeza. Sasa mama, kazi umepunguza ipi?"

Hakuna hata moja aliyopunguza. Njiani kurudi alikuwa anaongea peke yake kwa hasira, na aliyemkasirikia zaidi alikuwa ni yeye Driciru, maana huo wimbo wa "mwacheni Andrew alale" ni yeye aliyeuanzisha.

Jioni ile alimwambia Lokule. Alisema, "Baba Andrew, mimi nachoka. Muguzi anasema mimi nilale, na kazi ya hapa nyumbani tugawane." Lokule ni Mkakwa wa Koboko na Driciru ni Mlugbara, na tangu uchumba wao wanazungumza Kiswahili, kile cha huku kwetu, kilichokuja na jeshi na biashara. Lokule hakuinua macho kwenye simu.

"Wacha hiyo kukimbia," akasema. "Kula. Watu nasema mimi hapana kukulisha. Ukikula, uchovu itakwisha."

"Na mguu yangu ikikatwa?"

"Nani amesema mguu?" akajibu Lokule, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mambo yalikuwa hivyo ugomvi wa Logiri ulipowasili. Ulikuja Jumamosi, bila taarifa: baba mdogo Onzima mbele, na fimbo yake na koti la suti lililochoka, nyuma yake Draku, kaka wa Driciru, na wanaume wengine wa ukoo. Walikuwa wamepanda gari tangu alfajiri, Logiri hadi Arua, Arua hadi Koboko, wote wamenuna. Wakakaa kwenye viti vya nyumba na vya jirani. Lokule akavaa shati la mikono mirefu. Driciru akapiga magoti kuwasalimu mmoja mmoja, na alipofika kwa wa mwisho ilibidi ashike ukuta ndipo ainuke.

"Mnaona?" akasema Draku.

Halafu, kwa kuwa wageni ni wageni hata wakija na vita, Driciru akaenda kumkamata jogoo. Jamani, hebu fikirini! Watu wametoka mbali kuja kumtetea kwa sababu amekonda na kuchoka, na cha kwanza wanachomfanyia ni kumpa mlima wa kupika. Akamchinjisha jogoo kwa Andrew, akamnyonyoa mwenyewe. Akasonga ugali wa muhogo, ule wa kukazana nao kwa mikono miwili, jasho linamdondoka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huku anasikia sauti ya Onzima ikitoka barazani.

"Lokule, mwanangu. Sisi hapana kuja na ubaya. Sisi nakuja kuuliza kitu moja. Wakati tulikupa huyu mtoto, alikuwa na mwili. Watu yote ya Logiri naijua ile mwili. Sasa hiyo mwili iko wapi?"

"Baba, chakula iko," akasema Lokule, na sauti yake ilikuwa na machozi ya aibu. "Angalia store, unga iko. Yeye mwenyewe nakataa. Mimi namwambia kila siku kula, nakataa."

"Mwanamke hapana kukataa chakula bila sababu," akasema mwingine. "Ulimpiga?"

"Hapana!"

"Basi uliweka mwanamke ingine."

Wakabishana. Sauti zikapanda. Mwishowe Onzima akagonga fimbo sakafuni akasema jambo hili litakwisha kwa heshima: Lokule atoe mbuzi kwa ukoo kuonyesha kuwa ametambua kosa, na mbuzi mwingine jike akae hapa hapa, wa maziwa, Driciru arudishe mwili. Wakaitikia wote. Hata Lokule akaitikia, kwa kuchoka. Shauri likawa limepita.

Driciru alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la maji ya kunawa. Alikisikia kile kifungu cha mbuzi, na kitu ndani yake kikakatika. Hakupiga magoti. Aliweka bakuli chini, akavuta kiti kilichobaki, kile cha plastiki chenye ufa, akakaa katikati ya wanaume.

"Driciru," akasema Draku, "hapa nazungumza wazee."

"Nazungumza mwili yangu. Kwa hiyo mimi iko hapa."

"Mwili yangu hakuna mutu amekula," akasema. "Nimeipunguza mimi mwenyewe. Driwaru iko nyumbani na mguu moja, mnamuona kila siku, mnapita mlango yake. Nani kati yenu alikuja kuuliza mwili ya Driwaru? Alikuwa mnene, mlimsifu. Mguu ikaoza katika ile unene, mkamsifu. Mimi nataka kuzikwa na miguu yangu yote mbili!"

"Lakini umechoka, mtoto," akasema Onzima, safari hii polepole. "Sisi naona. Umechoka sana."

"Nimechoka, ndiyo, Baba. Hapo umesema kweli. Na mbuzi yako nani atamtafutia majani? Nani atamfunga, atamfungua, atamkamua? Mimi. Mnaniletea dawa ya uchovu na ni kazi ingine!" Sauti yake ilipanda mpaka majirani wakanyamaza upande wa pili wa ukuta. "Chakula nimepunguza. Kutembea nimeongeza. Semeni nyinyi, na wewe Lokule, na wewe Andrew pale umesimama: kazi mimi nimepunguza ipi?"

Jikoni mfuniko wa sufuria ukaanza kugongagonga, halafu ukaacha, na harufu ya mchuzi unaoshika chini ikaja barazani. Wanaume wote wakageuka kumtazama Driciru. Si kwa ubaya, ni mazoea tu. Kitu kikiungua anatazamwa mwanamke.

"Inaungua," akasema Driciru. Na hakuondoka kwenye kiti.

Harufu ikazidi. Onzima akakohoa. Draku akatazama dari. Ndipo Lokule, wakala wa forodha, mbele ya wakwe zake wote, akakunja mikono ya lile shati refu, akamwambia kijana wake, "Andrew, twende." Wakaingia jikoni. Kilisikika kishindo cha kifuniko, mtu akajiunguza, mtu akauliza chumvi iko wapi, na Driciru hakumwambia.

Kuku alifika mezani nusu mweusi. Wakamla. Hakuna aliyethubutu kutaja ladha, na la mbuzi halikutajwa tena. Driciru alipakuliwa na mumewe, nyama na maharage ya jana na ugali kidogo, akala akiwa amekaa kwenye kiti mbele ya wazee, kila kitu mpaka mfupa. Halafu, wakiwa bado wanajadili nani katika nyumba hii atakwenda pampu asubuhi, akalala palepale, mdomo wazi, akikoroma. Onzima akaweka kidole mdomoni. Watu wa Logiri wakamalizia shauri lao kwa kunong'ona.

Aliamka jua linapoinama, wageni wanavaa viatu. Akawasindikiza mpaka barabarani kwa mwendo wake wa alfajiri, na wao ndio waliohema. Pale kwenye stendi Draku alimshika mkono, ameona haya kidogo.

"Dada, tutarudi tena kukuangalia," akasema.

"Karibuni sana," akasema Driciru. "Lakini mkija, mje mmekula."